Steringi hafi, lakini Saito alikaribia kummaliza Kenshin!

Leo nakata mzizi wa fitina.

Kuna ubishi mmoja hauishi. Wakutanishe vijana watatu waliotazama katuni ya Kijapani iitwayo Rurouni Kenshin, kisha uwaulize ni adui gani alikuwa hatari zaidi kwa Kenshin. Wa kwanza atasema Shishio. Wa pili atasema Sojiro. Wa tatu atawacheka wote na kuwaambia hawajui kitu, wasubiri mpaka wafike kwa Enishi. Hapo soda zinapata moto, mtu hanywi.

Wiki hii nimeamua kuwa hakimu. Atakayenuna shauri yake.

Kwa wale waliochelewa basi, niwape kwa kifupi. Hadithi hii ilichorwa na Nobuhiro Watsuki katika gazeti la katuni la Weekly Shonen Jump tangu 1994 hadi 1999, ikatoka vitabu 28. Katuni ya televisheni ilianza kuonyeshwa Japani 1996, zikafuata filamu za waigizaji wa kweli kuanzia 2012, na Julai 2023 katuni iliyotengenezwa upya ikaanza kuonyeshwa. Mambo yanatokea Tokyo mwaka 1878, miaka kumi baada ya utawala wa shogun kuanguka. Serikali mpya imeshapiga marufuku watu kutembea na panga hadharani tangu 1876.

Kenshin Himura ni jamaa mfupi, mpole, nywele nyekundu, ana kovu la msalaba shavuni. Ukimkuta anafua nguo unaweza kumtuma dukani. Kumbe huyo ndiye Battosai, muuaji aliyetikisa mji wa Kyoto wakati wa mapinduzi, kazi aliyoianza akiwa na miaka 14. Vita ilipokwisha akaapa hataua tena. Upanga wake umegeuzwa: makali yako upande wa mgongo, kwa hiyo akikupiga unaumia lakini hukatiki. Amezurura nchi nzima miaka kumi akisaidia wanyonge, mpaka alipofikia kwa binti aitwaye Kaoru, mwenye ukumbi wa kufundishia upanga.

Sasa twende kwenye kesi.

NAPIMAJE?

Toka enzi za mikanda ya video tunajua kitu kimoja: steringi hafi. Hata apigwe risasi kumi, atajifunga kitambaa na kuendelea. Kwa hiyo kuuliza nani angemuua Kenshin ni kupoteza muda, maana jibu tunalo kabla picha haijaanza.

Mimi nauliza hivi: nani alikaribia kumfanya Kenshin avunje kiapo chake? Kile kiapo ndicho Kenshin mwenyewe. Siku akiua tena, miaka yake kumi ya toba imekwenda na maji, na yule mpole anayefua nguo hatakuwepo. Kitabaki kivuli cha Battosai.

Kwa kipimo hicho, wakubwa wengi wanaanguka.

SOJIRO: MBIO TU

Seta Sojiro ni kijana anayetabasamu muda wote, na hilo ndilo linalotisha. Hana hasira, hana woga, kwa hiyo huwezi kusoma anakwenda kupiga wapi. Mbio zake jicho halizioni. Walipokutana mara ya kwanza aliuvunja upanga wa Kenshin vipande viwili, ingawa na wake uliharibika.

Hatari? Ndiyo. Lakini Sojiro alivunja chuma. Kenshin akatafutiwa upanga mwingine uliogeuzwa vilevile, akarudi. Pambano la pili Sojiro ndiye aliyechanganyikiwa, hisia alizozificha tangu utotoni zikamfumuka, akashindwa. Kiapo cha Kenshin hakikuguswa.

SHISHIO: MOTO WA DAKIKA 15

Najua hapa nitapigiwa kelele. Shishio Makoto ndiye aliyemrithi Kenshin kazi ya kuua. Serikali ikaona anajua siri nyingi, ikamshambulia na kumchoma moto. Hakufa. Akajifunga bendeji mwili mzima, akakusanya jeshi, akataka kuiteka Japani. Upanga wake una meno kama msumeno na unawaka moto kwa mafuta ya watu aliowaua. Kwenye pambano la mwisho aliwapiga Kenshin, Saito, Sanosuke na Aoshi, kwa zamu! Alimng'ata Kenshin nyama kabisa. Mzee mzima alikuwa balaa.

Ila tazama vizuri. Ngozi yake iliyoungua haitoi jasho, hivyo joto halitoki mwilini, na daktari alishamwambia asipigane zaidi ya dakika 15. Akazipitiliza, mwili ukawaka wenyewe. Muda wote huo Kenshin alikuwa amechoka na anavuja damu, lakini hakuyumba hata mara moja katika nia yake. Shishio alikuwa tishio kwa Japani nzima. Kwa roho ya Kenshin, hapana.

ENISHI: HUYU ANA HOJA

Enishi Yukishiro nampa heshima zake. Dada yake, Tomoe, alikuwa mke wa Kenshin, na Kenshin ndiye aliyemuua bila kukusudia. Enishi aliona kwa macho yake akiwa mtoto. Akakua na kisasi. Akaja Tokyo, akamshinda Kenshin, kisha akamwachia maiti ya bandia aamini kwamba Kaoru ameuawa.

Kenshin akavunjika. Akaufunga upanga wake kwa minyororo, akakaa chini kwenye kijiji cha watu waliokata tamaa, hali, haongei. Kwa maumivu hakuna aliyemfikia Enishi.

Lakini jiulize: Kenshin alipoamini mpenzi wake ameuawa, alikwenda kulipiza? Hakwenda. Aliukataa upanga kabisa. Yaani hata akiwa shimoni, kiapo kilishika. Enishi alimfanya Kenshin atake kufa. Hakumfanya atake kuua.

JIN-E: ALIKARIBIA

Udo Jin-e alikuja mapema. Alikuwa na uwezo wa kumgandisha mtu kwa macho tu. Akamteka Kaoru makusudi na kumgandisha mpaka mapafu, ili Kenshin akasirike na Battosai arudi. Na kweli akarudi! Kenshin aliinua upanga amalize kazi.

Nini kilimzuia? Sauti ya Kaoru. Binti alijikakamua akavunja ule mgando, akapiga kelele asiue. Kenshin akasikia, akashusha mkono. Jin-e akajiua mwenyewe. Kumbuka neno hilo, msomaji wangu: alisikia.

SAITO HAJIME: HUKUMU YANGU

Sasa ndiyo tunafika kwa mwenyewe. Saito si mtu wa kubuni. Alizaliwa 1844, akawa kiongozi wa kikosi cha tatu cha Shinsengumi, kundi lililolinda Kyoto kwa niaba ya shogun. Baadaye akawa polisi Tokyo kwa jina la Fujita Goro, akafariki 1915. Katuni ikamchukua na kumpa mbinu moja tu, Gatotsu: upanga mkono wa kushoto, mbio, kuchoma. Basi.

Kwenye hadithi walishapambana na Kenshin huko Kyoto zamani, bila mshindi. Safari hii kaja kimyakimya. Kwanza kajifanya muuza dawa, akamchoma Sanosuke begani. Halafu kaja na sare za polisi, Kaoru mwenyewe akamkaribisha ndani. Kenshin anarudi nyumbani, anamkuta adui wa zamani amekaa anamsubiri.

Saito hakuwa na hasira. Alimwambia ukweli tu: umelegea. Akamhesabia mapambano aliyopita kwa shida, akamwambia huo upole hauwezi kumlinda mtu. Kisha akamchoma na kumrusha. Kenshin alipoinuka, macho yalikuwa mengine. Battosai huyo!

Kilichofuata hakikuwa mchezo. Upanga wa Saito ukakatika, akavua mkanda, akapiga nao. Upanga wa Kenshin ukaanguka, akatumia ala. Saito akamkaba kwa koti. Wanaume wawili wanataka kumalizana kwa chochote kilicho karibu.

Na Kaoru alikuwepo. Analia, anaona kila kitu. Safari hii Kenshin hakusikia. Sanosuke hakuweza kufanya kitu. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyeweza kuwatenganisha. Ilibidi aingie Okubo Toshimichi, waziri wa mambo ya ndani, ndipo wakasimama. Tena ikajulikana kwamba Saito alitumwa kumjaribu tu! Katika kujaribu huko wote wawili wakasahau.

Kama Okubo angechelewa barabarani dakika mbili, hadithi imekwisha. Mmoja angekufa. Na kama angekufa Saito, Kenshin naye tungemzika akiwa hai.

Ushahidi wangu wa mwisho ni Kenshin mwenyewe. Mei 14, 1878, siku ambayo Okubo aliuawa kweli katika historia ya Japani, Kenshin alimuaga Kaoru usiku na kuondoka. Alimweleza kwamba lile pambano na Saito lilimwonyesha Battosai bado yumo ndani yake. Hakuna adui mwingine aliyemfanya ajiogope mwenyewe kiasi hicho.

SASA WEWE

Unajua kwa nini Saito aliweza? Kwa sababu alimjua Kenshin wa zamani. Wengine walimchukia au walimwogopa. Saito alimkumbusha.

Hata mtaani ni hivyo hivyo. Umeacha pombe, umeacha ugomvi, umetulia na mwenzio. Anayekutukana hakutishi, unampita. Anakuja mmoja mliyekuwa naye zamani, anakuangalia juu mpaka chini, anacheka: "Siku hizi umekuwa laini, eeh?" Damu inachemka. Unataka kumwonyesha kwamba bado upo. Hapo mwenzio anaweza kukuita mara tatu usimsikie.

Kenshin alikuwa na bahati, alipata wa kumfungulia mlango na kuamua ugomvi. Wewe na mimi mawaziri hawapiti kwetu. Bora kujifunza kusikia mapema.

Hiyo ndiyo hukumu: Saito wa kwanza, Enishi wa pili, Jin-e wa tatu. Na nyie mashabiki wa Shishio, najua mnakuja kwa hasira. Karibuni sana, ila mna dakika 15 tu.