Kasete ya papa: namna ya kutoa video za nyumbani na kuziweka kwenye DVD

Mimi nilisoma agronomia, siyo informatiki, kwa hiyo wale wa fakilte ile watanivumilia. Lakini kuna kazi moja ambayo kila mwenye lisansi na mashini nyumbani ataombwa siku moja, na mara nyingi atakayeomba ni mama yake. Mimi niliombwa hivi: «Weye si ulisomaka? Basi unitoleye ile kasete ya papa, niione ku televizio.»

Kasete yenyewe ni VHS ya mwaka 2001, ubatizo wa mdogo wangu. Ndani yake papa anasimama, anashukuru wageni, anaimba kidogo. Papa hayuko tena, na sauti yake hatuna pahali pengine popote. Tarehe 17 Januari 2002, wakati Nyiragongo ilipasuka na moto wa volkano ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, mama alitoka na sisi watoto, kitenge kimoja na ile kasete, tukaenda Gisenyi kwa miguu. Nyumba ilimezwa, kasete ikapona. Halafu tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko mwingine, watu wa mitaa kumi ya Goma waliamriwa kuhama. Tulikuwa tumeshafika upande wa Sake ndipo mama akakumbuka: kasete imebaki kabatini. Usiku ule hakulala.

Sisi wa agronomia tunajua mbegu ya msimu ujao haiwekwi yote ndani ya ghala moja. Lakini nyumbani kwetu, kitu cha thamani kuliko mbegu kilikaa miaka 20 katika kasete moja tu. Tuliporudi niliikuta salama, ila nikaamua.

Mtasema: siku hizi nani bado anatumia DVD? Si uweke ku telefone? Eh bien, mama haangalii kitu ku telefone. Ako na televizio na lektere ya DVD, anajua kifungo gani cha kufinya, na haiombi megabaiti. Bazee wengi wa mji huu wako vile vile. Wewe weka ku telefone yako, lakini yeye mpe diski.

Mara ya kwanza nilipeleka kasete ku studio moja ya hapa mjini. Nikalipa, nikapewa diski nzuri yenye picha juu. Tulipofika nyumbani, lektere ikazungusha, ikazungusha, ikakataa. Mama aliniangalia bila kusema neno. Niliitia ndani ya mashini nikaona ubaya ulipo: walichukua fishie ya MP4 wakaikopi ku diski sawa vile mtu anakopi ku flashi. Hiyo siyo DVD ya video, hiyo ni diski ya data. Lektere nyingi za zamani haziijui MP4. Zinatafuta folda moja inayoitwa VIDEO_TS, na ndani yake picha zilizobanwa kwa namna ya MPEG-2. Kama folda ile haiko, kwao diski ni tupu. Kumbe kazi yote iko hapo: siyo kukopi, ni kubadilisha kwanza, kisha kugrave.

Tuanze na kasete. Unahitaji mashini ya kuchezea VHS ambayo bado ni nzima, na hiyo ndiyo ngumu kupata. Kampuni ya mwisho iliyokuwa inazitengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Kwa hiyo ukiona moja kwa mjomba, iazime leo, usingoje. Mbele ya kuingiza kasete, angalia ukanda kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu, ndugu wa ule unaoharibu mahindi yaliyowekwa bila kukauka. Usiicheze, utachafua kichwa cha mashini na kila kasete itakayofuata. Kama iko safi, ipeleke mpaka mwisho na uirudishe mwanzo, ili ukanda ulioshikana ulegee.

Kisha kuna kebo ya vichwa vitatu: cha njano kinabeba picha, cheupe na chekundu vinabeba sauti. Inaingia kwenye kakifaa ka USB, ile niliyoipata Birere, na kifaa kinaingia kwenye mashini yako. Hapa hakuna njia ya mkato. Kasete inachezwa kwa mwendo wake wa kawaida na mashini inarekodi. Kasete ya saa tatu ni saa tatu. Na usitegemee picha iwe nzuri kuliko ilivyokuwa. VHS ina mistari karibu 240 ya kuonekana, hakuna programu itakayoumba sura ambayo kamera haikuiona.

Wale ambao video zenu ziko ku telefone tayari, kama za kolasio au harusi, ninyi mnaruka hatua hiyo, lakini mna mtego wenu. Msichukue video iliyopita WhatsApp kama video ya kawaida, maana imeshabanwa na ku televizio kubwa itakuwa miraba miraba. Mwombe mwenye kufilimu aitume kama dokima, au umpelekee flashi. Na ile mliyofilimu telefone ikiwa imesimama itakuwa na weusi mkubwa kushoto na kulia. Kwa hiyo haina dawa. Laza telefone siku nyingine.

Sasa kubadilisha. Mimi natumia DVDStyler, ni ya bure, na inaenda ku Windows na ku Linux. Unaingiza video, unachagua PAL, yaani picha 25 kwa sekunde na ukubwa wa 720 kwa 576, ukipenda unatengeneza ukurasa wa kuchagua sehemu. Niliweka vifungo vitatu: kanisani, chakula, maneno ya papa. Mama anakwendaka ku kile cha tatu tu.

Diski ya kawaida inabeba giga 4,7. Hesabu yake ni sawa na kugawa shamba: nafasi ni ile ile, ukiongeza dakika, kila dakika inapata kidogo. Saa moja inakaa kwa raha. Saa mbili bado ni nzuri. Ukilazimisha saa nne, sura za watu zinayeyuka. Ni heri diski mbili.

Jambo ambalo hakuna mtu aliniambia, na lilinila diski tatu: usigrave moja kwa moja kutoka programu. Kubadilisha kunaweza kuchukua saa nyingi, na umeme wa kwetu mnaujua. Ukikatika laser ikiwa inaandika, diski hiyo imekufa, huwezi kuifuta uanze upya kama ni DVD-R. Kwa hiyo iambie programu itengeneze kwanza fishie ya ISO, ambayo ni diski nzima ndani ya fishie moja. Iangalie ku mashini. Ikiwa sawa, chaji betri ijae, ndipo uigrave na ImgBurn, mwendo wa 4 au wa 8, siyo ule wa juu kabisa. Dakika kumi na tano hivi, imeisha. Halafu ijaribu ku lektere ya jirani pia, siyo ya kwenu peke yake.

Mjue pia diski ya kugrave siyo kama ile ya filamu iliyotoka kiwandani. Ile imegongwa kwa muhuri, hii yetu ina rangi ya kemikali ambayo laser imeibadilisha, na jua linaiharibu. Usiiache dirishani. Usiandike juu yake na biki, tumia kalamu laini ya diski, wala usibandike karatasi. Na diski peke yake bado ni ghala moja. ISO yangu iko ku mashini, iko ku diski ya nje kwa dada yangu Bukavu, na DVD ziko mbili, moja ndani ya begi la mama lenye vitambulisho, lile analochukua akitoka mbio.

Jioni tulipoiweka, mama aliita jirani. Papa akasimama, akashukuru wageni, akaimba vibaya kama kawaida yake. Mdogo wangu, aliyebatizwa siku ile, akauliza kama ni yeye kweli anayelia nyuma. Mama akasema nyamaza, akarudisha mwanzo. Jirani naye akaenda kwake akarudi na kasete mbili, na kesho yake nyingine mbili zikaja. Sasa nko na kartoni chini ya kitanda. Moja ni ya dakika 180, inaomba saa tatu za umeme bila kukatika. Naingojea Jumapili asubuhi.