Baritoni aliyeng'ara katika nafasi za watumishi

Kila tunapoandaa mchezo wa kuigiza shuleni, mimi hukabiliwa na ugomvi ule ule. Vijana wote wataka kuwa mfalme. Anayepewa nafasi ya mtumishi huiona kuwa ni adhabu, naye hunung'unika hadi siku ya maonyesho. Safari hii manung'uniko hayo yalinikumbusha Walter Berry, mwimbaji wa Austria ambaye sahani zake za santuri nimezisikiliza tangu ujana wangu.

Berry alizaliwa mjini Vienna mwaka wa 1929. Alianza kwa kusomea uhandisi kabla ya kugeukia uimbaji. Jumba la Opera ya Taifa mjini humo lilikuwa limeteketezwa kwa mabomu mwezi Machi, 1945, na halikufunguliwa tena hadi Novemba, 1955. Hivyo basi, kijana huyu alianza kazi yake wakati ambapo waimbaji wenyewe walikuwa wakihemea kumbi za watu.

Sauti yake ilikuwa kati ya besi na baritoni, na aghalabu sauti hiyo haipewi nafasi ya mpenzi wala shujaa. Hizo ni za tenori. Berry alimwimba Figaro na Leporello, watumishi wawili wa Mozart. Akamwimba Papageno, mtega ndege. Akamwimba Wozzeck wa Alban Berg, askari maskini anayeishia kumuua mwanamke ampendaye. Mwaka wa 1966, katika jumba jipya la Metropolitan, New York, alikuwa Barak, mtia rangi nguo katika opera ya Richard Strauss. Mke msumbufu wa Barak aliimbwa na Christa Ludwig, aliyekuwa mkewe hasa. (Waliachana mwaka wa 1970, ingawa sidhani Strauss ana lawama.)

Sasa natazama pazia linapofunguka. Figaro anapima sakafu ya chumba chake. Leporello amesimama nje usiku akimngoja bwana wake, akilalamikia kazi isiyo na mwisho. Wozzeck anamnyoa kapteni wake. Katika opera zote tatu, mtumishi yuko kazini tangu mwanzo, na bila yeye hakuna mchezo. Zaidi ya hayo, mwimbaji hana kipaza sauti. Sharti pumzi yake ivuke okestra nzima, na kila neno lifike kwa mtazamaji wa safu ya nyuma, awe ni mfalme au kinyozi.

Katika miaka yake ya baadaye Berry alifundisha uimbaji huko huko Vienna, akafariki Oktoba, 2000. Nathubutu kusema kuwa wanafunzi wake walipata mwalimu aliyejua kumfanya mtu yule yule acheke leo na aingiwe na hofu kesho.

Nilimwita kijana aliyenung'unika kuliko wote, nikamwekea sahani ya Leporello. Alisikiliza kimya. Kisha akauliza, "Mwalimu, na huyu mtumishi wetu ana maneno mangapi?"