Hata Namirembe ilianza na nyasi

Wengi wetu tukitoka Nakivale na kufika Nyamityobora, mjini Mbarara, huvuka mto Rwizi kwenda kutazama kanisa kuu la Nyamitanga. Tukirudi kambini tunaona haya: letu ni miti, udongo na turubai. Na wengine wanasema, ya nini kujenga vizuri, si tutarudi kwetu?

Basi sikieni habari ya Namirembe, kule Kampala. Kanisa la miti na nyasi lililokuwa pale kilimani liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Wakajenga tena. Baadaye wakaja kwenye matofali, hata machifu wakabeba udongo kichwani. Lilikamilika mwaka 1904, lakini paa lilikuwa bado la nyasi. Mwaka 1910 radi ikapiga, likaungua. Hili la leo, lenye kuba, lilifunguliwa mwaka 1919.

Tujifunze hapo. Tuanze na msingi wa mawe na mtaro wa maji, halafu tuchange mabati kidogo kidogo. Watoto wetu wanabatizwa na kufunga ndoa hapa hapa. Wao hawangojei safari.