Folda ya Siri Kwenye Seva ya Wote

Anayefungua akaunti kwenye seva ya chuo au ya taasisi ya utafiti hachelewi kufundishwa na wenzake amri ya chmod 700. Humwachia mwenye folda haki za kusoma, kuandika na kupita, na wengine wote huambulia patupu. Kwenye kompyuta yako mwenyewe hiyo yatosha. Kwenye diski inayochangiwa kupitia mtandao, inategemea ni mfumo gani unaotunza mafaili, na mifumo miwili mikongwe hutoa majibu yanayopingana.

Wa kwanza ni AFS, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, miaka ya 1980, katika mradi wa Andrew uliofanywa pamoja na IBM. Toleo lake huria, OpenAFS, lilitoka mwaka 2000. Humo, ukiipiga folda chmod 700, hujafunga kitu. Seva haizijali kabisa ruhusa hizo za kawaida za folda. Kibaya zaidi, ukiandika ls -l utaonyeshwa drwx------ kana kwamba mambo ni shwari, nawe ukalale usingizi wako.

Kinachotawala ni orodha ya ruhusa ambayo kila folda inayo: nani, na aruhusiwe nini. Unaisoma kwa fs listacl na kuibadilisha kwa fs setacl. Ndani yake tafuta kwanza jina system:anyuser. Wengi hudhani maana yake ni watu wa chuo. La hasha: ni mtu yeyote mwenye programu ya AFS anayeweza kuifikia seva, awe Pittsburgh au Mwanza, kwa sababu vituo vya AFS vyote hukaa chini ya mti mmoja, /afs. Walioingia kwa akaunti ya kituo chenu ndio system:authuser. Kuwatoa wa nje ni kuandika fs setacl, jina la folda, kisha system:anyuser none.

Ruhusa inayopuuzwa ni l, ya kuorodhesha. Folda kuu ya mtumiaji mara nyingi huachiwa l kwa wote ili watu wapite kwenda kwenye folda yake ya Public. Hawatasoma yaliyomo, lakini majina watayaona. Faili liitwalo barua_ya_kuacha_kazi limekwisha kusema yote.

Faili moja moja halina orodha yake. Hufuata ya folda lilimo. Huwezi kuificha barua moja katikati ya folda iliyo wazi. Tengeneza folda, ifunge, ndipo uweke barua. Folda mpya nayo hunakili orodha ya mzazi wake siku ile inapozaliwa, kisha kila moja hushika njia yake. Ukimfunga mzazi leo, watoto waliokwishakuwepo hubaki na orodha zao za zamani, na ukimhamishia mmoja wao penye njia wazi ndani ya volumu (fungu la hifadhi) hiyo hiyo, huenda na orodha hiyo.

NFS ya Sun Microsystems, ya mwaka 1984, ni kinyume chake. Pale chmod 700 huheshimiwa. Udhaifu uko kwenye utambulisho: kwa mpangilio wake wa kawaida, kompyuta ya mtumiaji huitajia seva namba ya mtumiaji, na seva huamini. Ni mlinzi wa geti anayekuuliza namba ya nyumba na kufungua bila kuomba kitambulisho. Mtu mwenye mamlaka yote juu ya kompyuta iliyoruhusiwa kuunganishwa hujiundia akaunti yenye namba yako, akaingia. Kinga iitwayo root_squash humvua mamlaka mwenye namba 0 tu, yaani mtumiaji mkuu wa kompyuta. Anayejifanya wewe haimgusi. Dawa ni Kerberos, inayomtaka mtumiaji aonyeshe tiketi ya kuthibitisha yeye ni nani, hasa krb5p inayosimba na data njiani, lakini hiyo huwekwa na msimamizi wa seva. Kama mna siri za kweli, mwulizeni kama imewekwa. AFS, kwa upande wake, hudai tiketi ya namna hiyo.

Kisha kuna nakala za akiba, ambazo ni nadra kutajwa. AFS huweza kutunza nakala ya jana ya folda zako, mara nyingi chini ya jina OldFiles, pamoja na orodha za ruhusa kama zilivyokuwa jana. Uliyoifunga mchana huu bado iko wazi kule mpaka nakala ifanywe upya. Kwenye hifadhi nyingi za NFS, folda ya .snapshot huweza kubeba ruhusa za wiki kadhaa zilizopita.

Msimamizi wa seva mwenyewe haguswi na lolote kati ya haya. Usichotaka akisome, kisimbe kabla hakijaondoka kwenye kompyuta yako. Programu kama gocryptfs huficha yaliyomo na majina ya mafaili, ingawa idadi na ukubwa wake vitaendelea kuonekana.