Je, Wajua? Bampa la kromu halitaki puti

Fundi bodi wa Nachingwea akinyoosha bampa lililobonyea, puti humtosha iwapo atapiga rangi. Kwa kromu haifai kabisa: bampa hutumbukizwa kwenye dawa yenye umeme, na puti haipitishi umeme, hivyo madini hayashiki hapo.

Kromu kuukuu huondolewa, kutu husafishwa, palipobonyea hugongwa kutoka nyuma. Vishimo vinavyobaki hujazwa shaba, kisha msasa, tena msasa. Kromu yenyewe ni nyembamba kuliko sehemu 1 ya 1,000 ya milimita. Haifichi hata mkwaruzo!

Tofauti na puti, kinywe, madini yaliyomo ardhini Ruangwa, hupitisha umeme. Katika karne ya 19 wachapaji walipaka unga wake kwenye nta ili ishike shaba.

Mwenye gari, mwambie fundi mapema: rangi au kromu?