Mjohoro ni Mti Gani?

Mtu atembeaye kutoka Buguruni kuelekea Ilala, akiuliza majina ya miti ya kivuli ya mjini, hujibiwa upesi: mwarobaini, mkungu, mwembe, mjohoro. Majina matatu ya kwanza hayana matata. La nne ndilo tunalokusudia kulichambua hapa.

Kwa baadhi ya wasemaji, mjohoro ni mti wa maua ya manjano wenye asili ya Asia, ambao wataalamu huuita Senna siamea. Kwa wengine, jina hilohilo ni la mti wa Madagaska, Delonix regia, uchanuao maua mekundu mwishoni mwa mwaka. Huu wa pili huitwa pia mkrismasi. Lakini jina hilo nalo halitufai, kwa kuwa mti wa Krismasi ni pia ule wa jamii ya misonobari upambwao sikukuu.

Jambo hili si dogo. Tuseme afisa ametafsiri waraka usemao kwamba mijohoro ya mtaa fulani ikatwe. Mwenye shoka ataukata upi? Waraka wenye kosa husahihishwa. Mti uliokwisha kukatwa haurudi.

Maua yasipokuwapo, tutazame mambo mawili. Kwanza, jani. Jani la Senna lina kijiti kimoja chenye vijani vilivyopangwa jozi jozi. La Delonix hugawanyika tena katika vijiti vingi vyenye vijani vidogo mno, likafanana na unyoya. Pili, ganda la mbegu. La Senna ni jembamba na bapa. La Delonix ni gumu kama ubao, na laweza kufikia sentimita 60.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika maandishi ya kiserikali neno mjohoro lisiachwe peke yake. Lifuatwe na rangi ya maua, kisha jina la kitaalamu kwa utaratibu wa maneno mawili ulioimarishwa na Linnaeus mwaka 1753. Hata hapo mfasiri awe macho: mti wa maua ya manjano uliitwa Cassia siamea hadi ulipohamishiwa jenasi ya Senna mwaka 1982, na vitabu vya zamani vingali na jina la awali.

Walimu nao wawatoe wanafunzi nje wakaokote jani na ganda. Istilahi njema huanza kwa kukitazama kitu chenyewe.