Jina la Mama Liingie Kwenye Kitabu Kwanza

Wandugu wanakoperative, mara nyingi katika kurasa hizi tunaongea juu ya mbegu, ugonjwa wa mosaiki ya muhogo na maji ya mfereji. Leo tunaongea juu ya uchaguzi. Shamba hatujaliacha, ni maji ya mfereji ndiyo yaliyotufikisha huku.

Msimu mmoja tulitoka Songo asubuhi, tukafuata barabara kubwa kupita Kavimvira, hadi kwenye koperative moja ya mpunga katika Plaine ya Ruzizi. Tulikuwa tumekuja kufundisha kupandikiza kwa mistari. Tukakuta mashamba ya mwisho wa mfereji yamekauka, mpunga ukiwa unataka kutoa masuke. Zamu yao ya maji ilikuwa imepangwa usiku. Wengi waliolima pale ni akina mama, na mama hawezi kwenda peke yake mferejini saa saba ya usiku. Maji yalipita, shamba likabaki kavu.

Tukauliza: nani alipanga zamu? Komite. Nani alichagua komite? Wanachama. Tukaomba kitabu cha wanachama. Majina karibu yote yalikuwa ya wanaume, hata pale ambapo mke ndiye anayefanya kazi tangu kitalu hadi kupiga mpunga. Mama mmoja akatujibu: «Miye niko nalima tu. Kwenye kitabu ni jina ya bwana yangu.»

Na sisi wataalamu hatukuwa na mikono safi. Fomu zetu za mafunzo ziliandika «mkuu wa familia», na kila mtu alijua maana yake ni baba. Tulifundisha mwanaume kupalilia, halafu mwanamke ndiye akaenda kupalilia.

Ndiyo maana tunaposikia watu wakisema «akina mama wajitokeze kugombea», tunakubali, lakini tunauliza: wajitokeze kutoka wapi? Mtu ambaye hajawahi kuhesabiwa kura hata moja kijijini, atasimamaje mbele ya wachaguzi wa teritware nzima?

Sheria iko

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inasema mwanamke ana haki ya kuwakilishwa kwa usawa katika taasisi za taifa, za provensi na za chini. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ikaja kueleza usawa huo utekelezwe namna gani. Mwaka 2016 Kanuni ya Familia ikabadilishwa: ile lazima ya mke kuomba ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria ikaondolewa. Kwa hiyo mama aliyeolewa anaweza kutia sahihi yake mwenyewe, kwenye hisa za koperative au kwenye karatasi za kugombea.

Shida iko kwenye lisiti. Sheria ya uchaguzi ya 2006 iliomba vyama viweke wanaume na wanawake, lakini hapo hapo ikasema kwamba lisiti isiyo na usawa haitakataliwa kwa sababu hiyo. Mabadiliko ya mwaka 2022 yakaongeza kivutio: lisiti yenye wanawake angalau nusu hailipi dhamana kwa CENI. Ni jambo zuri, lakini lina mtego. Pale penye viti zaidi ya kimoja, mchaguzi anachagua mtu mmoja ndani ya lisiti. Kura zote zinajumlishwa kwa lisiti, na kiti kinakwenda kwa yule mwenye kura nyingi ndani yake. Chama kinaweza kuandika jina la mama ili kisilipe dhamana, kisha kisimpe hata bango moja. Kura chache alizopata kwa jirani zake zinamsaidia mwanaume wa lisiti ile ile kupita.

Mama anayeombwa jina na chama aulize mapema: kampeni yangu italipiwa na nani? Gari nitapanda lini? Nani atasimama kwenye vituo kuangalia kura zangu zikihesabiwa? Asipopata jibu, ajue wamemwita kujaza lisiti tu.

Majirani zetu

Usiku, ukiwa juu Songo, unaona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Kule, katiba ya 2005 iliweka wanawake wasipungue asilimia 30 katika Bunge la Taifa, na wakipungua baada ya kura, wanaongezwa hadi hesabu itimie. Kwetu hakuna hesabu ya namna hiyo.

Tanzania ilifuata njia ya viti maalum. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa kiti maalum. Mwaka 2010 akagombea jimbo la Makunduchi, akashinda kwa kura za wananchi. Mwaka 2015 akawa Makamu wa Rais, na mwaka 2021 Rais. Kile kiti cha kwanza kilimpa nafasi ya kujifunza kazi na kujulikana.

Hapa kwetu, Judith Suminwa alitajwa Waziri Mkuu mwaka 2024, mwanamke wa kwanza katika nchi yetu. Tunafurahi. Lakini waziri mkuu anateuliwa. Depite na konseye wanapigiwa kura, na kura zinaanzia kijijini.

Ngazi ya kwanza ni koperative

Sisi hatuna viti maalum, lakini tuna koperative. Sheria ya OHADA inayoongoza koperative zetu inasema mwanachama mmoja ana kura moja, awe na hisa nyingi au kidogo. Tena inakataza ubaguzi wa mwanaume na mwanamke. Katika koperative ndogo ya aina ya SCOOPS, komite ina watu wasiozidi 3, na inaweza kufika 5 wanachama wakiwa 100 au zaidi. Viti ni vichache; mama mmoja akiingia, sauti yake inasikika.

Kabla ya mkutano mkuu ujao, tunawaomba mambo manne:

1. Mke na mume wanaolima wote wawili, kila mmoja anunue hisa kwa jina lake, hata kidogo kidogo baada ya mavuno.

2. Mkutano usiwekwe saa ya kupika wala siku ya soko. Saa nane mchana inafaa kuliko saa kumi na moja.

3. Kura ya komite ipigwe kwa karatasi, kwa siri. Wakinyoosha mikono, mke anaangalia kwanza mkono wa bwana yake.

4. Mama asipewe kesi ya pesa tu eti kwa sababu «mama haibi». Awe pia prezida au sekretere, ajifunze kuongoza kikao, kuandika ripoti na kujibu maswali makali.

Koperative yenyewe isigeuke chama. Ndani yetu kuna watu wa vyama vyote, na mtu asikatazwe mbegu kwa sababu ya rangi ya bendera yake. Kazi yetu ni kuwalea viongozi. Wakitaka kugombea, wataenda kwa jina lao wenyewe.

Baba mmoja alituambia: «Mukimupa bibi yangu komite, nani atabaki nyumbani?» Swali lake si la kucheka. Komite ina vikao, na vikao vinakula saa. Tulimjibu kwa hesabu ya shamba: usiku ule wa zamu ya maji, nyumba yake ilipoteza mpunga ambao ungelipa minervali ya watoto. Mtu anayejua shamba lile angekuwa kwenye komite, zamu ingepangwa mchana. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza hisa moja ni franka ngapi.

Tutakapopita tena, tutaomba kwanza kitabu cha wanachama. Mbegu tutaziongelea baadaye.